Kushirikishana data za majitaka katika kufuatilia magonjwa ya kuambukiza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wahudumu wa mitambo ya majitaka, watu wa maabara, maofisa wa afya ya jamii, na mwananchi yeyote aliyewahi kuona grafu ya majitaka akajiuliza inamhusu vipi. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Majitaka yanajuaje kwamba watu wanaumwa?

Mtu aliyeambukizwa hutoa virusi au bakteria, au mabaki ya vinasaba vyake, kwenye kinyesi, mkojo, makohozi na maji anayooga. Vyote huingia kwenye bomba moja na vya maelfu ya majirani zake. Sampuli huchotwa pale majitaka yanapoingia mtamboni, kisha maabara hukusanya chembe hizo, hutoa vinasaba na kuvipima kwa PCR, njia ya kurudufisha kipande cha vinasaba mpaka kiweze kuhesabika. Jibu huja kama idadi ya nakala za jeni katika kila lita.

Bomba halisubiri mtu ajisikie vibaya, apate nauli, afike zahanati na kuandikiwa kipimo. Chukua polio: takriban ambukizo 1 kati ya 200 ndilo huishia kwenye kupooza kusikopona, na walioambukizwa wengi hawaoni dalili yoyote. Siku daktari anapompokea mgonjwa wa kwanza aliyepooza, huenda virusi vimekwisha kupita kwa mamia ya watu. Wote hao walikwenda chooni.

Je, haya yalianza na UVIKO-19?

Hapana. Virusi vya polio vilipatikana kwenye majitaka nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika miaka ya 1940, Brendan Moore wa Uingereza alikuwa akining'iniza vipande vya shashi ndani ya mifereji ya majitaka, akisogea juu hatua kwa hatua, kutafuta chanzo cha bakteria wanaosababisha homa jamii ya homa ya matumbo. Shashi hizo zinaitwa kwa jina lake mpaka leo, na bado zinatumika. Mwaka 2013 Israeli ilikuta virusi vya polio vya asili kwenye majitaka ya kusini mwa nchi wakati hakuna hata mtoto mmoja aliyepooza, ikaanza kampeni ya chanjo ya matone.

UVIKO-19 ndio uliolifanya jambo hili kuwa la hadharani. Machi 2020 watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Gertjan Medema, walikuta vinasaba vya kirusi hicho kwenye majitaka ya Amersfoort kabla mji huo haujaripoti wagonjwa. Septemba mwaka huohuo CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilianzisha mfumo wa kitaifa wa ufuatiliaji wa majitaka. Kabla ya hapo matokeo ya polio yalisafiri kati ya maabara na wizara. Sasa mtu alikuwa anaweza kufungua simu akaona grafu ya mtambo wa mji wake, na maswali mengi ya ukurasa huu yalianzia hapo.

Si inatosha mamlaka ya afya ya eneo husika kuwa na data hizo? Kwa nini wengine wapewe?

Kwa sababu maambukizi hayaishii pale bomba linapoishia. Mwaka 2022 ulitoa mfano ambao ningependa kila anayesita kutoa data ausome. Juni, Uingereza ilitangaza kwamba virusi vya polio aina ya 2 vilivyotokana na chanjo, yaani virusi dhaifu vya chanjo ya matone vilivyobadilika vikiwa vinapita kwa watu, vimeonekana mara kadhaa katika majitaka ya London. Julai, mtu mmoja asiyechanjwa katika kaunti ya Rockland, jimbo la New York, alithibitishwa kupooza kwa polio. Mfuatano wa vinasaba, yaani mpangilio wa herufi zake, ulipolinganishwa, virusi vya New York vilionekana kuwa na undugu na vya London na vya eneo la Jerusalem. Kila mji ukiwa peke yake ungeona tukio la ajabu lisiloeleweka. Undugu ule ulionekana kwa sababu data zilikuwa mahali ambapo wengine wangeweza kuzilinganisha.

Kuna funzo la pili ambalo halitajwi sana. Maofisa wa New York walirudi kwenye sampuli za majitaka zilizokuwa zimechotwa kwa ajili ya UVIKO-19 na kuhifadhiwa, wakazipima upya, wakakuta polio ilikuwapo kabla mgonjwa hajathibitishwa. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa kila chupa ilikuwa na rekodi yake: imechotwa wapi na lini.

Tunapotoa data, tunatoa nini hasa? Namba ya maabara haitoshi?

Haitoshi, na hapa ndipo data nyingi huharibikia. Namba peke yake, tuseme nakala 40,000 kwa lita, haina maana kwa mtu ambaye hakuwapo wakati inapimwa.

Anza na sampuli. Ilichotwa mara moja kwa ndoo, au ni mchanganyiko uliokusanywa kidogokidogo kwa saa 24? Tofauti ni kubwa: ndoo ya saa moja asubuhi inabeba choo cha asubuhi, ya saa tisa alasiri inaweza kubeba maji ya kufulia. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, si tarehe tu. Andika kama ni majitaka yenyewe au tope lililotuama, maana tope hukusanya virusi kwa wingi zaidi na namba zake haziwekwi kwenye mstari mmoja na za majimaji. Andika sampuli ilikaa kwenye baridi gani, kwa muda gani, na kama iligandishwa.

Kisha mtambo. Unahudumia watu wangapi? Siku hiyo yalipita majitaka kiasi gani? Mvua ilinyesha? Mahali ambapo maji ya mvua na majitaka hushiriki bomba, mvua moja kubwa inaweza kushusha namba ilhali wagonjwa wanaongezeka. Ndiyo maana maabara nyingi hupima pia kirusi cha pilipili kiitwacho PMMoV. Kirusi hicho hakimdhuru binadamu. Kinaingia kupitia pilipili na vyakula vitokanavyo nazo, kinatoka kwenye kinyesi, na wingi wake huonyesha sampuli ilikuwa na kinyesi kiasi gani. Ukikipima, toa namba yake pia. Usitoe uwiano wa kimelea na PMMoV tu ukaficha namba mbili zilizouzaa, kwa sababu anayetaka kutumia njia nyingine ya kusawazisha atakuwa umemfungia mlango.

Mwisho maabara: njia ya kukusanya virusi, jeni iliyolengwa, aina ya PCR, kiwango cha chini kinachoweza kuonekana, na matokeo ya kipimo cha udhibiti kinachoonyesha ni asilimia ngapi ya virusi hupotea njiani. Na kama kuna jambo moja ninaloomba kuliko yote, ni hili: siku mnapobadili njia, kitendanishi (kemikali ya kupimia) au maabara, iandikeni tarehe hiyo ndani ya faili. Nimeona grafu zenye ngazi ya ghafla ambayo watu waliieleza kwa nadharia za kila aina, kumbe ni mashine mpya.

Kuna muundo wa faili uliokubalika?

Upo zaidi ya mmoja. PHES-ODM, muundo huria ulioanzia Kanada, umefikiriwa vizuri kwa sababu unatenganisha eneo, sampuli na kipimo, ili sampuli moja iweze kubeba vipimo vingi. Lakini kama uwezo wenu ni jedwali la kawaida lenye safu zinazoeleweka, vipimio vilivyoandikwa wazi na tarehe za mtindo wa mwaka-mwezi-siku, toeni hilo. Kusubiri mfumo kamili ni njia ya heshima ya kutotoa kabisa. Picha ya grafu au ripoti ya PDF isiwe ndiyo njia pekee. Hakuna atakayeichapa upya namba kwa namba.

Kimelea kisipoonekana, turipoti?

Ndiyo, kila mara. Na andikeni kiwango cha chini cha kuonekana. "Hakikuonekana" si sifuri. Pia usiache seli tupu, kwa sababu msomaji hatajua kama sampuli ilipimwa ikakosa, au haikupimwa, au chupa ilivunjika barabarani.

Je, namba ya mji mmoja inaweza kulinganishwa na ya mji mwingine?

Kwa kawaida hapana. Urefu wa mabomba, joto, viwanda vinavyomwaga kemikali, njia ya maabara, vyote hugusa namba. Unachoweza kulinganisha kwa usalama zaidi ni mwelekeo: mji huu unapanda kwa wiki tatu, ule umetulia. Ndiyo maana dashibodi nyingi, yaani kurasa za mtandaoni zinazoonyesha grafu hizi, husema "juu" au "chini" kwa kupima mtambo dhidi ya historia yake wenyewe. Orodha za miji "iliyoambukizwa zaidi" zinazopangwa kwa nakala kwa lita ni za kupuuzwa.

Basi tunaweza kujua ni watu wangapi wanaumwa?

Si kwa uhakika wa kutangaza. Watu hutofautiana sana katika kiasi cha virusi wanachotoa, na wengine huendelea kutoa kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Kuna modeli zinazokadiria, nazo zina kazi yake, ila ukitoa kadirio lake toa pia kiwango cha shaka.

Vinasaba vikionekana, lazima vimetoka kwa wagonjwa wa eneo hilo?

La. Mwaka 2024, mafua ya ndege aina ya H5 yalipoenea kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, vinasaba vyake vilianza kuonekana kwenye majitaka ya miji. PCR haiwezi kukuambia kama vimetoka kwa mtu, kwa kinyesi cha ndege au kwa maziwa yaliyomwagwa kwenye bomba la kiwanda. Virusi vya chanjo ya matone ya polio navyo hutoka kwenye kinyesi cha waliochanjwa, kwa hiyo maabara ni lazima itofautishe aina kabla ya mtu yeyote kupiga kengele. Msafiri aliyepita siku mbili pia anaacha alama yake. Maelezo ya aina hii yaende pamoja na data, si katika barua ya ufafanuzi wiki mbili baadaye.

Mnaweza kunijua mimi kupitia majitaka yangu?

Sampuli ya mtambo unaohudumia watu laki moja haimtambulishi mtu. Lakini jibu la kweli lina sehemu ya pili, na si haki kuificha. Kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo kinga hiyo inavyoyeyuka. Agosti 2020, Chuo Kikuu cha Arizona kilipima majitaka ya bweni moja, kikaona virusi, kikawapima wakazi wote 311 na kuwapata wawili waliokuwa na maambukizi bila dalili. Ni kazi nzuri ya afya. Ni ushahidi pia kwamba mbinu isiyomjua mtu katika mji inaweza kumfikia ndani ya siku chache katika jengo.

Kwa hiyo data za gereza, shule, kambi ya wakimbizi, nyumba ya wazee au kijiji kidogo zisitolewe kwa umma kama zinavyotolewa za mji. Unaweza kuziunganisha na za eneo jirani, kuzichelewesha, au kuwapa maofisa wa afya pekee kwa makubaliano ya maandishi. Hakuna idadi moja ya watu inayofaa kila mahali kama mpaka. Mji wa watu elfu tano wenye jamii moja ndogo inayonyanyapaliwa una hatari kuliko mtaa wa watu elfu mbili wanaofanana. Kinachovunjwa hapa mara nyingi si siri ya mtu mmoja. Ni heshima ya kundi zima linalonyooshewa kidole.

Majitaka yana pia vinasaba vya binadamu. Maabara inayosoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli, bila kulenga kimelea kimoja, itavikusanya hata kama haivitaki. Vichujwe na kuondolewa kabla faili halijapakiwa popote.

Lakini sikuombwa ridhaa.

Ni kweli, na haiwezekani kivitendo kumwomba kila anayevuta maji chooni. Ufuatiliaji wa afya ya jamii kwa kawaida huruhusiwa bila ridhaa ya mmojammoja pale faida ni ya wote na hatari kwa mtu ni ndogo. Ninachoona ni kwamba kukosekana kwa ridhaa kunaongeza deni la uwazi: wananchi waambiwe mapema nini kinapimwa, nani anapata matokeo na nani hapewi, na waone matokeo ya mji wao wenyewe kabla hayajawa makala ya watafiti wa mbali.

Polisi, waajiri au kampuni za bima wanaweza kuzitumia?

Kiteknolojia, majitaka yanaweza kusema mambo mengi kuliko magonjwa. Tangu 2011, mtandao wa watafiti wa Ulaya hupima mabaki ya dawa za kulevya katika majitaka ya miji na kutangaza matokeo. Hayo hufanywa kwa kiwango cha mji, lakini yanaonyesha kwamba chupa ileile inaweza kuulizwa swali jingine. Miongozo ya maadili ya ufuatiliaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2017 inasema data zinazoweza kumtambulisha mtu zisipewe vyombo vinavyoelekea kumchukulia hatua mtu binafsi au kuzitumia kwa jambo lisilohusu afya ya jamii. Andikeni sharti hilo katika mkataba kwa maneno makavu, pamoja na muda ambao sampuli zilizobaki zitahifadhiwa na ni vipimo gani haviruhusiwi kufanywa juu yake. Watu husahau sampuli. Hufikiria faili tu.

Data ni za nani: mamlaka ya majitaka, maabara au wizara?

Maswali ya umiliki huchelewesha kazi kuliko maswali ya sayansi. Mamlaka ya majitaka inajua mabomba na mtiririko, maabara inazalisha namba, mamlaka ya afya inazipa tafsiri na kubeba jukumu la hatua. Kila mmoja ana haki ya kutajwa na kila mmoja anaweza kukwamisha. Makubaliano mazuri huamua mapema nani anabonyeza kitufe cha kutoa. Mamlaka ya majitaka ipate kuona matokeo kabla ya umma, kwa adabu na kwa sababu itapigiwa simu, lakini isiwe na uwezo wa kuyazuia. Na kama maabara ni kampuni binafsi, someni kifungu cha umiliki kabla ya kusaini, hasa kinachosema nini kitatokea kwa data za miaka iliyopita mkataba ukiisha.

Zitolewe haraka kiasi gani?

Ndani ya siku chache tangu sampuli kuchotwa, kama maabara inaweza. Faida yote ya majitaka ni kutangulia. Ukikaa nayo wiki tatu, hospitali zimekwisha kukuambia. Njia inayofanya kazi ni kutoa kwa tabaka mbili: namba za awali zenye alama inayosema ni za awali, kisha zilizohakikiwa. Mgonjwa wa kwanza hasubiri mhariri wa jarida amalize kupitia makala.

Tukitangaza, tutaadhibiwa. Watalii watakimbia, biashara itafungwa.

Hofu hii si ya kubezwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliripoti kwa WHO aina mpya ya kirusi iliyokuja kuitwa Omikroni, na ndani ya siku chache nchi nyingi zilikuwa zimefunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Data zile hazikutoka kwenye majitaka, lakini kila ofisa wa afya aliona malipo ya kusema mapema. Baada ya hapo kirusi kilionekana hata katika sampuli za majitaka za Marekani zilizochotwa Novemba hiyohiyo, kabla nchi hiyo haijatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Marufuku yalikuwa yanamkimbiza mgeni aliyekwisha kuingia sebuleni.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinataka tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa liarifiwe WHO ndani ya saa 24 baada ya kutathminiwa, kwa hiyo kunyamaza kabisa si chaguo. Kilicho mikononi mwenu ni namna ya kusema. London mwaka 2022 tangazo lilifuatwa na hatua: Agosti ilitolewa rai kwamba watoto wote wa umri wa mwaka 1 hadi 9 jijini wapewe dozi ya ziada. Tangazo lenye namba bila hatua ndilo linalozaa hofu. Kabla ya sampuli ya kwanza kuchotwa, kaeni na watu wa chanjo, wa mawasiliano na viongozi wa mitaa, mkubaliane nani atasema nini siku jibu baya likija.

Sisi hatuna mabomba. Watu wanatumia vyoo vya shimo. Tunaachwa?

Hapa dashibodi za dunia zinadanganya kwa ukimya: zinaonyesha wenye mabomba. Polio imefuatiliwa kwa miaka katika mifereji ya wazi na mito inayopokea majitaka ya makazi. Huko Gaza, sampuli zilizochotwa Khan Younis na Deir al-Balah tarehe 23 Juni 2024 zilionyesha virusi vya polio aina ya 2, wakati miundombinu ya majitaka ilikuwa imebomoka. Mtoto wa kwanza aliyepooza alithibitishwa Agosti, na kampeni ya chanjo ikaanza Septemba. Shashi za Moore, mabwawa yanayopokea magari ya kunyonya vyoo, na vyoo vya soko au stendi vyote vinaweza kuchotwa. Ugumu ni kujua sampuli inawakilisha nani. Usibuni idadi ya watu ili kujaza safu. Eleza mfereji unapita wapi na nani wanautumia, kwa sentensi za kawaida.

Data za mfuatano wa vinasaba tuziweke wapi?

Kwenye hifadhi za umma: NCBI ya Marekani, ENA ya Ulaya au DDBJ ya Japani, ambazo hubadilishana data zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo moja inatosha. Pakieni data ghafi. Majitaka ni mchanganyiko wa virusi vya watu wengi. Ukiunda mfuatano mmoja na kuuwasilisha kama wa mgonjwa, umetengeneza kirusi ambacho huenda hakipo kwa mtu yeyote. Programu kama Freyja hukadiria uwiano wa aina zilizomo, na makadirio hayo yanaweza kurudiwa na wengine wakiwa na data ghafi tu.

Mimi ni mwananchi. Niisomeje grafu ya mji wangu?

Angalia wiki kadhaa, si nukta moja. Tazama kama mstari wa pembeni unapanda kwa kumi, mia, elfu. Kwenye grafu ya namna hiyo mpando mdogo kwa macho unaweza kuwa mara kumi. Angalia tarehe ya sampuli ya mwisho, maana dashibodi iliyotelekezwa hupendeza sawa na iliyo hai. Kisha fanya uamuzi wa kawaida, kama kumpeleka mtoto akamalizie chanjo.

Tumegundua data tulizotoa zina kasoro. Tuzifute?

Msifute. Watu wamekwisha kuzipakua, na faili likipotea hawatajua kama wao ndio waliokosea. Acheni toleo la zamani lionekane likiwa na alama ya kasoro, toeni jipya lenye namba ya toleo na tarehe, na kwa mistari michache semeni safu zipi zimeguswa na kwa nini. Ila kama kasoro ni ya faragha, tuseme jina la jengo dogo limeponyoka, ondoeni mara moja bila kusubiri kikao, na waandikieni wote mnaojua walilipakua faili hilo walifute na kuthibitisha kwa maandishi.